Dakika Kumi Baada ya Kushindwa

Kijiti kilidondoka kwenye makabidhiano ya tatu. Zilikuwa mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, michezo ya shule za msingi ngazi ya wilaya, uwanja wenye mistari ya chokaa iliyokwisha kufutwa nusu na miguu ya watoto. Msichana wa darasa la sita aliyekuwa apokee aliondoka mapema, mwenzake akanyoosha mkono, kijiti kikagonga ncha za vidole na kuanguka. Walikuwa wanaongoza. Mwenzake akakiokota, akamfikishia, naye akamaliza kipande chake timu zote zikiwa zimeshapita. Kisha akaenda kukaa nyuma ya goli, akawa anang'oa nyasi moja moja.

Mwalimu wa kwanza kumfikia alikuja akifoka: "Umeiangusha shule nzima!" Wa pili, mama wa makamo anayefundisha hisabati, alikuja na chupa ya maji. Akakaa chini naye, hakusema kitu. Baada ya muda akamwambia, "Pole na kazi, mwanangu." Ndipo mtoto akalia.

Ninafundisha walimu wa michezo na makocha wa vijana upande wa saikolojia. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanye nini mtoto wangu awe na moyo wa ushindani, asikate tamaa? Wengi hutarajia niwape maneno ya kumwambia kabla ya mechi. Mimi huwarudisha kwenye zile nyasi nyuma ya goli. Angalia unachomfanyia mtoto katika dakika kumi za kwanza baada ya kushindwa, kwa sababu hapo ndipo anapojifunza kosa ni kitu gani: ni jambo lililotokea na linarekebishika, au ndivyo yeye alivyo.

Filimbi ya mwisho haizimi mwili. Moyo bado unakwenda mbio, homoni za taharuki zimejaa kwenye damu, na akili imeng'ang'ania jambo moja tu, lile kosa. Ukimfundisha ufundi wakati huo hatashika ufundi. Atashika sauti yako na sura yako. Ndiyo maana maji huja kwanza, kisha kivuli, kisha kimya. Mwalimu yule wa hisabati hajasomea saikolojia ya michezo, lakini alipatia, hata katika neno alilochagua. "Pole na kazi" haambiwi aliyeshindwa peke yake. Huambiwa atokaye shambani na atokaye zamu ya usiku. Linamwambia mtoto kwamba jasho lake limeonekana, matokeo yawe yoyote.

Jioni, damu ikiwa imetulia, mwalimu huyo alimuuliza msichana swali moja: "Ilikuwaje?" Hakumuuliza kwa nini alifanya vile, maana mtoto akiulizwa "kwa nini" na mtu mzima mwenye hasira, hana la kujibu zaidi ya kujitetea. Msichana akaeleza mwenyewe kwamba kelele za mashabiki zilimzuia kumsikia mwenzake, akaondoka kwa kukisia. Hapo aibu ikageuka kuwa tatizo la ufundi, na tatizo la ufundi lina dawa: weka alama ardhini, mwenzako akiikanyaga, ondoka, usingoje kusikia chochote. Kesho yake asubuhi niliwakuta wote wanne nyuma ya madarasa, pekupeku, wakipokezana kipande cha mpini wa jembe, na wenzao watatu wamepewa kazi ya kuwapigia kelele.

Tuna msemo unaosikika kwenye kipaza sauti kila siku ya fainali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tumeufanya kuwa wa kuwabembelezea waliofungwa wakati wenzao wanakabidhiwa kombe, na nadhani tumeupunja. Kukubali ni kazi. Ni kutaja kilichotokea bila kukipunguza na bila kukiongeza: kijiti kilianguka, niliondoka mapema. Mtoto anayesema kila wiki kwamba refa aliwabana hajakubali. Anayesema "mimi sifai" naye hajakubali. Wote wawili wamelikimbia kosa, mmoja kwa kuwatupia wengine, mwingine kwa kujizika chini yake. Kazi ya kocha ni kuwarudisha wote kwenye lile swali: ilikuwaje?

Sifa nazo zina madhara zikitolewa ovyo. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa darasa la tano. Baadhi ya watoto walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Walipopewa mafumbo magumu wakakwama, wale waliosifiwa akili walipoteza hamu haraka, wakafanya vibaya hata waliporudi kwenye mafumbo mepesi, na wengi wao kuliko wenzao walidanganya kuhusu alama walizopata. Tafiti kubwa zilizofuata zimeonyesha kwamba kubadili mtazamo wa mtoto peke yake huleta tofauti ndogo, kwa hiyo tusiyageuze maneno kuwa uganga. Lakini uwanjani nimeona mara nyingi mtoto anayeitwa "Samatta wetu" tangu ana miaka tisa anavyoanza kuogopa kupiga penalti. Anaona akikosa ataporomoka na jina. Msifu kwa ulichokiona kwa macho: "Dakika ya mwisho, miguu imechoka, bado ulirudi kukaba." Hilo anaweza kulirudia Jumamosi ijayo.

Tukiwahadithia watoto habari za mashujaa, tuwahadithie zote. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani alipewa muda huohuo, wakatenganishwa na sekunde 0.03 tu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kila mtoto ameiona picha ile ya mwisho. Wachache wameambiwa kwamba Simbu alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, kisha akawa wa 7 kwenye Olimpiki iliyofuata, na wa 17 Paris mwaka 2024. Kutoka nafasi ya 17 hadi dhahabu ni miezi 13. Mimi nikiwa na wanariadha chipukizi huanza na Paris. Nawauliza: siku ile baada ya Paris, ungefanya mazoezi gani? Majibu yao hunionyesha nani ameanza kuelewa.

Moyo wa kustahimili hufundishwa kwa dozi, kama mbio zinavyofundishwa. Mtoto anayeshinda kila zoezi hajifunzi kustahimili, na anayevunjwa kila siku hajifunzi pia. Gawa timu mazoezini, waambie: mmefungwa mbili bila, zimebaki dakika nane, anzeni. Penalti zipigwe mwishoni, miguu ikiwa imechoka na wenzake wakimzomea, na kila mpigaji awe na utaratibu wake usiobadilika: anaweka mpira, anarudi hatua zake zilezile, anavuta pumzi kwa pua akihesabu mpaka nne, anaitoa polepole akihesabu mpaka sita, ndipo anakwenda. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta hushusha mapigo ya moyo. Ni jambo dogo, halihitaji pesa wala vifaa, na nasikitika kwamba timu nyingi za shule hazilifanyi.

Kinachofanyika zaidi ni adhabu. Timu imefungwa, inarushwa kichura au inazungushwa uwanja mara kumi. Ninawaomba walimu wenzangu waache. Mtoto huyo anajifunza kwamba kukimbia ni adhabu, kesho unataka apende kukimbia.

Na kuna hadithi moja tunayoitumia vibaya. Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya jijini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Ni heshima ya taifa letu, na mimi husisimkwa kila ninapoiona filamu ile. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30 aliyeamua mwenyewe. Nimemsikia kocha akimtajia habari hii mtoto wa miaka 13 aliyekuwa anachechemea, ili arudi kucheza. Mifupa ya umri huo bado ina sehemu laini za ukuaji kwenye ncha zake, na jeraha la hapo likilazimishwa linaweza kuharibu ukuaji wa mguu. Aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika au akachanganyikiwa, atoke na asirudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza kwamba yuko sawa, na apelekwe hospitali. Kumtoa ni uamuzi wa mtu mzima. Usimwachie mtoto.

Mzazi naye aangalie nyumbani. Tumbo linalouma kila asubuhi ya mechi, usingizi uliopotea, chakula kinachoachwa, mtoto aliyependa mpira ambaye sasa anatafuta visingizio vya kutokwenda: hayo yakiendelea wiki mbili, usimwambie akaze moyo. Kaa naye, msikilize, mpeleke kwa mshauri nasaha wa shule au kituo cha afya. Na kama anachokikimbia ni kipigo, matusi, au mkono wa mtu mzima anayemshika asivyotaka, hilo halihusiani na ustahimilivu wa mwanamichezo hata kidogo. Namba ya huduma ya simu kwa watoto ni 116, ni bure. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe, na wewe uliyeona jambo lisilo sawa pembeni ya uwanja unaweza kuipiga pia.