Onsen si mahali pa kujisugua

Wengi wanaokwenda Japani kwa mara ya kwanza hudhani onsen, yaani bafu la chemchemi ya maji moto, ni mahali pa kuingia na kuondoa uchafu. Sivyo. Unaoga kwanza, ndipo unaingia majini ukiwa msafi tayari. Maji yale ni ya wote, hayabadilishwi kila mtu anapotoka.

Nguo zote huachwa chumba cha kubadilishia, hata chupi. Wanaume na wanawake kwa kawaida wana pande zao. Ndani, kandokando ya ukuta, kuna mabomba, vigoda na ndoo ndogo. Keti kwenye kigoda, maana ukioga umesimama maji yanamrukia jirani. Jisugue, kisha jisuuze hadi povu lote liishe, na nyuma ya masikio pia. Hapo ndipo wageni husahau. Nywele ndefu zifungwe juu. Taulo dogo haliingii bwawani: liweke kichwani au ukingoni.

Maji mara nyingi huwa nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo jimwagie kidogo miguuni kwanza, kisha ingia taratibu. Kwa mgeni, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Ukikaa mno na kuinuka ghafla, presha hushuka na kizunguzungu kinakupata. Pete ya fedha ivue, kwani maji yenye salfa huigeuza nyeusi. Mwenye tatuu aulize kabla ya kulipa, baadhi ya mabafu bado hukataa. Ukitoka, kamua lile taulo dogo ujifute kabla ya kurudi kwenye nguo, sakafu ya watu isilowe.