Kutengua ndoa si talaka

Chukua binti aliyefunga ndoa Desemba. Machi anafua, anapekua mifuko ya suruali ya mumewe kabla ya kuiloweka, anakuta kadi ya hospitali ya Oktoba: mume alikuwa akitibiwa kaswende na dozi hakuimaliza. Shangazi zake watamwambia adai talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inampa pia njia ya pili, kutengua ndoa, na wengi huisikia muda ukiwa umeshapita.

Talaka huvunja ndoa iliyofungwa sawasawa ikaja kuharibika. Kutengua hurudi nyuma karibu kila mara hadi siku yenyewe ya kufunga na kuuliza: palikuwa na dosari gani?

Sheria ina majina mawili yanayochanganya watu. Ndoa batili haikuwa ndoa tangu mwanzo, hata kama ukumbi ulijaa. Ndivyo ilivyo kwa waliooana wakiwa ndugu wa damu wa karibu, aliyelazimishwa, mwanamke ambaye tayari ana mume, au waliokubaliana kuoana kwa muda fulani tu. Mahakama hapa haivunji chochote, inatamka kwamba ndoa haikuwepo. Tamko hilo liombwe mahakamani hata hivyo, maana siku ya mirathi utadaiwa karatasi.

Ndoa batilifu ni jambo jingine. Hiyo ni ndoa halali kabisa mpaka mahakama iitengue, na mmoja akifariki kabla ya hukumu, aliyebaki ni mjane kamili. Sababu zake ni chache, zikiwemo hizi: mmoja hawezi tendo la ndoa, au anakataa kwa makusudi kulikamilisha; alipooa au kuolewa alikuwa na maradhi ya akili au kifafa cha kujirudia; alikuwa na ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza; au bibi harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine.

Binti yetu anaingia kwenye ugonjwa wa zinaa. Ila kwa sababu ya namna hiyo, lazima awe hakujua alipokubali kuolewa, afungue shauri ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa, na baada ya kugundua asiwe amelala na mumewe kwa hiari yake. Sharti la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Mtu anajua ukweli, analia, anaombwa radhi, anarudi chumbani, na kwa usiku huo mmoja mlango wa kutengua umefungwa. Naona ni sharti gumu mno kwa msichana asiye na pa kwenda, lakini ndivyo sheria ilivyo, na ni heri alijue mapema.

Kukosa mtoto hakumo kwenye orodha. Ugumba si kushindwa tendo la ndoa. Mahari kutomalizika hakuigusi ndoa, wala kutosajiliwa kwake.

Shauri laweza kuanzia mahakama ya mwanzo, na ushahidi ndio kila kitu: ile kadi, vipimo, tarehe. Kwa talaka ungepitia kwanza baraza la usuluhishi, na ndoa isiyotimiza miaka 2 ingehitaji ruhusa ya mahakama kabla ya kudai. Kutengua hakukupeleki huko.

Kwa Wakatoliki, mahakama ya Kanisa inaweza kutamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, na mhusika akaruhusiwa kufunga nyingine kanisani. Tamko hilo halibadilishi chochote serikalini. Huko bado ni mume na mke mpaka hakimu aseme.

Watoto? Hili wazazi huuliza kwa sauti ya chini. Ndoa batilifu ikitenguliwa, mtoto aliyezaliwa humo hubaki mtoto halali wa wazazi wote wawili.