Meno ya chuma chini ya buti: yapi uvae, na wakati gani

Wanaojiandaa kutembea milimani wakati wa theluji huniuliza wanunue meno gani. Nami huwauliza: ukiteleza hapo unapokwenda, utaishia wapi? Kwenye njia tambarare utaumia makalio, basi. Pembeni kukiwa na genge, hesabu ni nyingine kabisa.

Kwa njia iliyokanyagwa na watu mpaka ikaganda, minyororo ya meno mafupi inatosha. Ni mpira unaovutwa juu ya buti, na chini ya soli kuna minyororo yenye meno ya sentimita moja hivi. Inavalika upesi na hukaa karibu kwenye buti lolote. Udhaifu wake ni huo mpira: ukikatiza mteremko mkali kwa ubavu, buti husogea ndani yake, na meno yaliyopaswa kuwa chini ya kisigino yanachungulia kando. Kwa hiyo mteremko ukikaribia nyuzi 30, mimi navaa kramponi.

Kramponi ni fremu ya chuma inayofungwa kwenye buti gumu, yenye meno marefu 10 au 12. Mwingereza Oscar Eckenstein alibuni ile ya meno 10 mwaka 1908, na wahunzi wa familia ya Grivel huko Courmayeur, Italia, wakaifua. Mwaka 1929 Laurent Grivel akaongeza mawili yanayotazama mbele, ambayo ni ya kupandia kuta za barafu. Anayetembea hutegemea meno ya chini, na hapa ndipo wengi hukosea: wanakanyagia ukingo wa buti kama walivyozoea kwenye udongo, meno mawili tu ndiyo yanayoingia kwenye barafu. Tua unyayo mzima, hata kifundo kikilalamika. Tanua miguu kidogo, jino lisinase suruali.

Jua likipanda na theluji ikaanza kulowa, inagandamana chini ya kramponi mpaka unakanyagia donge, meno hayaigusi barafu tena. Kipande bapa cha plastiki chini ya fremu hupunguza tatizo. Donge lililobaki ligonge kwa mpini wa shoka la barafu, hata ikibidi kila baada ya hatua chache. Theluji laini ya kufika magotini ni kazi ya viatu vipana vya theluji, meno hayana la kufanya humo.

Meno yakibutuka, yanoe kwa tupa ya mkono. Mashine hupasha chuma joto na kukiondolea ugumu.

Na tafadhali sana: meno huzuia kuteleza, hayakusimamishi ukishaanza kuporomoka. Jino likinasa katika mwendo ule hukupindua na kuvunja kifundo, kwa hiyo inua miguu na ujizuie kwa shoka, jambo linalohitaji mazoezi mahali salama. Usiteleze kwa makalio kwa kujifurahisha ukiwa umeyavaa. Yavae pia mapema, ukiwa bado mahali palipotulia, kwa sababu katikati ya barafu hutapata pa kusimamia mguu mmoja ukifunga mwingine.