Ngozi iliyoungua, saratani, na seli zilezile

Ndugu zangu wa Tanga hawajanielewa hadi leo. "Si ulikuwa kwa watu walioungua? Mbona sasa uko kwenye saratani?" Shangazi yangu huuliza kwa huruma kabisa, kana kwamba nimehamishwa kituo kwa utovu wa nidhamu. Huwa namjibu kwamba sijahama, naye hutikisa kichwa. Basi leo namwandikia yeye, na yeyote mwingine anayedhani hizi ni kazi mbili.

Mimi ni mtaalamu wa baiolojia ya seli na molekuli. Sitibu mtu. Kazi yangu ni kuuliza kwa nini seli hufanya inachofanya, na swali nililoingia nalo kwenye majeraha ya moto ndilo ninalolala nalo kwenye saratani: seli inajuaje kwamba sasa yatosha, iache kugawanyika?

Tuanze na moto. Ngozi ya juu hujitengeneza upya kila siku kutokana na seli shina zilizo kwenye tabaka lake la chini kabisa, na nyingine zilizojificha ndani zaidi, kwenye mashina ya nywele na tezi za jasho. Ukiungua juujuu, seli hizo za ndani zinabaki hai na zinaifunika sehemu iliyochunika katika wiki mbili hivi. Moto ukishuka hadi chini, hazina yote imeteketea. Kinachobaki ni seli za pembeni mwa jeraha, nazo hutambaa polepole mno. Ndiyo maana daktari wa upasuaji huchuna ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza. Lakini mtu aliyeungua asilimia 80 ya mwili ana paja gani la kuchunwa?

Hapo ndipo watu wa aina yangu huitwa. Kipande cha ngozi nzima, kidogo kuliko stempu, kinaletwa maabara kikiwa kwenye chupa ya maji ya virutubisho. Unakikatakata kwa kisu, unakiloweka kwenye tripsini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini zinazoshikanisha seli, kisha unazipanda seli hizo juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi. Seli za panya ziko hai ila haziwezi tena kugawanyika; kazi yao ni kuzilea za binadamu. Siku za mwanzo huoni kitu. Baadaye chini ya darubini vinatokea visiwa vidogo vya seli zilizopangana kama vigae, kila kisiwa kikitanuka na kuzisukuma seli za panya pembeni. Maji ya virutubisho, ambayo huwa na rangi ya waridi, yanageuka manjano kwa asidi zinazotolewa na seli zinazokula kwa pupa, na hapo unajua lazima uyabadilishe hata kama ni Jumapili. Baada ya wiki tatu hivi visiwa vimeungana. Unamwagia kimeng'enya kingine kinachoitwa dispasi, na utando mzima unabanduka sahanini. Ukishaachia tu, unajikunja na kusinyaa. Ni mwembamba kiasi kwamba unapita mwanga, na unabidi kuutandaza kwenye shashi iliyopakwa vaselini kabla haujapelekwa chumba cha upasuaji. Mara ya kwanza kuushika nilisahau kupumua.

Sasa sikiliza mbinu hii ilitoka wapi. Ilitangazwa mwaka 1975 na James Rheinwald na Howard Green huko Marekani, na hawakuwa wanatafuta dawa ya kuungua. Walikuwa wanachunguza teratoma, uvimbe wa panya wenye tishu za kila namna ndani yake. Kwenye sahani zao walikuta seli za aina ya ngozi zinakua vizuri pale tu zilipokuwa karibu na seli nyingine za tishu unganishi. Wakajaribu jambo hilohilo kwa ngozi ya binadamu, likakubali. Mwaka 1983, mjini Boston, watoto wawili ndugu walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili walifunikwa kwa ngozi iliyokuzwa kutoka vipande vidogo vya kwapani mwao, wakaishi. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alihama, ni utafiti wa uvimbe uliohamia kwenye moto. Mimi nimerudi tu.

Ndani ya chupa ile ya virutubisho kulikuwa na kitu kilichonipeleka saratani bila kujua. Kinaitwa EGF, protini inayoiambia seli ya ngozi igawanyike. Stanley Cohen aliitoa kwenye tezi za mate za panya, alipogundua kwamba ukiwachoma sindano yake panya wachanga, macho yao yanafunguka kabla ya wakati. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Bila EGF, seli zangu za ngozi zilichoka mapema. Lakini kipokezi kinachopokea ujumbe huo juu ya seli ni kilekile ambacho saratani nyingi hukiongeza au kukiharibu ili kibaki kimewaka muda wote. Kuna dawa inayokiziba, setuksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Ukimwona mgonjwa anayeitumia akiwa na vipele usoni na kifuani, usishangae: ngozi yake yenye afya nayo imenyimwa ujumbe.

Jambo la pili ni kuvuja. Wahudumu wa wodi za majeraha ya moto wanaijua hesabu hii hata usingizini: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 anahitaji takriban lita 9.6 za dripu katika saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza, ukihesabu tangu alipoungua na si tangu alipofika hospitali. Maji yote hayo yanakwenda wapi? Yanavuja. Mishipa midogo ya damu imelegea, plazma, yaani majimaji ya damu, inatoka, mgonjwa anavimba hadi sehemu ambazo moto haukuzigusa. Zipo kemikali nyingi zinazofungulia milango hiyo, na mojawapo ni VEGF.

VEGF haikugunduliwa kwa wagonjwa wa moto. Mwaka 1983 kundi la Harold Dvorak, Boston tena, liliikuta kwenye majimaji ya uvimbe wa wanyama wa maabara, likaipa jina la kitu kinachovujisha mishipa. Baadaye ikajulikana kwamba pia huotesha mishipa mipya. Mwaka 1986 Dvorak akaandika makala ambayo hadi leo kila mwanafunzi wangu lazima aisome, akisema uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Plazma imevuja, fibrini (nyuzi za protini zinazogandisha damu) imeganda, mishipa mipya inaota, seli za kinga zimejaa, fibroblasti (seli za tishu unganishi) zinafuma kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa tishu uimara. Yote hayo utayakuta kwenye jeraha la kawaida siku ya tano. Tofauti ni kwamba jeraha lina siku ya kumaliza kazi.

Mimi nilizitazama sana hizo fibroblasti. Ndani ya jeraha, zikipata ujumbe wa protini iitwayo TGF-beta, hujijaza nyuzi za misuli na kuanza kuvuta kingo zikaribiane. Kazi ikiisha nyingi hujiua, kwa utaratibu, bila fujo. Zisipojiua unapata kovu nene linalovuta: kidevu kinashikana na kifua, vidole vinakunjika visikunjuke. Na kwenye saratani, fibroblasti za namna hiyohiyo huizunguka, zikailisha na kuitengenezea njia. Nilitumia miaka yangu ya kwanza kutafuta namna ya kuzituliza kwenye kovu. Sasa natafuta namna ya kuzituliza kwenye uvimbe. Protini ninazopima ni zilezile, kwa kiasi kikubwa.

Wanaopenda mambo mepesi huniambia: basi ukiwasha kimoja umewasha na kingine. Si hivyo, ingawa hofu ipo na ina msingi. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha jeli yenye kichochezi kingine cha ukuaji, PDGF, kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2008 ikabandikwa onyo kali kuhusu vifo vya saratani kwa waliotumia tyubu nyingi. Baadaye, data zilipoongezeka, onyo lile kali likaondolewa. Upande wa pili kuna bevasizumabu, dawa ya saratani inayoikamata VEGF. Mgonjwa anayeitumia huachishwa angalau siku 28 kabla ya upasuaji, na haianzishwi tena mpaka zipite siku nyingine kama hizo na kidonda kiwe kimefunga, kwa sababu ukiinyima saratani mishipa, na mshono wa daktari unaunyima.

Kilichonivuta moja kwa moja ni kuku. Kuna kirusi cha kuku, cha Rous, kinachosababisha saratani. Ukikiingiza kwenye bawa moja la kuku, uvimbe unaota pale ulipochoma sindano, ingawa kirusi kinasambaa mwilini kwa damu. Mwaka 1985 kundi la Mina Bissell, California, liliwajeruhi kuku hao kwenye bawa la pili, na uvimbe ukaota huko nako, kwenye jeraha. Jeni ya saratani ilikuwa imeenea kote. Kilichokosekana ni jeraha. Niliposoma hilo nilikuwa bado nakuza ngozi ya majeraha ya moto, na nilikaa na makala ile jioni nzima.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Uingereza walisoma jeni za ngozi ya kope za watu wasio na saratani, wakakuta kati ya asilimia 18 na 32 ya seli zina mabadiliko ya aina inayosukuma saratani. Ngozi ya kawaida kabisa, ya watu wazima waliopigwa jua. Kidole kimoja hakivunji chawa: jeni iliyoharibika peke yake haitoshi, inahitaji mazingira yanayoiruhusu.

Na sasa kovu la moto lenyewe, maana shangazi hukaa akisubiri nifike hapa. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza mwaka 1828 vidonda vinavyoota juu ya makovu, na vile vinavyogeuka saratani vikaja kuitwa kwa jina lake. Kwa kawaida huchukua miongo, wastani wa miaka 30 hivi, tangu kuungua. Kashmir wana chungu cha makaa kinachoitwa kangri, ambacho watu hukivaa chini ya joho wakati wa baridi, na saratani hutokea mapajani na tumboni pale kilipogusa mwaka baada ya mwaka. Afrika Mashariki hadithi ya kawaida ni nyingine: mtoto aliangukia mafigani, mara nyingi kwa kifafa, akauguzwa nyumbani, jeraha likajifunga lenyewe baada ya miezi. Kovu likabaki jembamba gotini au kwenye kisigino, linapasuka, linafunga, linapasuka. Kila likipasuka seli za pembeni zinaitwa kazini tena.

Vitabu vingi hutaja kwamba asilimia 1 hadi 2 ya makovu ya moto hugeuka hivyo. Siiamini sana namba hiyo. Tafiti kubwa za Denmark na Sweden zilizofuatilia maelfu ya watu waliolazwa kwa kuungua hazikuona ongezeko la saratani ya ngozi. Mtu anaweza kusoma hapo kwamba hatari haipo. Mimi nasoma vingine: kule, jeraha la kina hukatwa na kupandikizwa ngozi mapema, jambo ambalo Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia ya leo, alilipigania hadi madaktari wakamsikiliza miaka ya 1970. Ngozi iliyopandikizwa vizuri inatulia. Kovu lililoachwa lijifunge lenyewe halitulii. Ikiwa niko sahihi, basi kupandikiza ngozi mapema kwa mtoto wa Handeni ni kinga ya saratani yake ya miaka thelathini ijayo, na hakuna bajeti ya saratani niliyowahi kuiona inayohesabu hivyo.

Saratani hizi zikitoka nje ya kovu ni kali kuliko saratani nyingi za ngozi zinazotokana na jua. Kovu lina mishipa michache ya damu na ya limfu, kwa hiyo askari wa kinga hawafiki kirahisi. Uvimbe unakua ndani kimyakimya, na ukivunja ukingo unaingia kwenye matezi.

Kwa hiyo, shangazi, yule jirani yako mwenye kovu la utotoni mguuni. Kidonda kikikaa miezi mitatu bila kufunga, au kingo zake zikinyanyuka na kuwa ngumu, au kikianza kunuka na kutoa damu bila kuguswa, asiendelee kupaka majani wala kununua antibayotiki dukani. Aende hospitali yenye mpasuaji, aombe kipimo cha kukatwa nyama. Na wasikate kipande kimoja cha katikati. Katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na usaha, na majibu yatarudi kwamba hakuna kitu. Wakate sehemu kadhaa, ukingoni, mahali ngozi nzima inapokutana na kidonda, kwa kina cha kutosha. Matezi ya kinena nayo yapapaswe siku hiyohiyo.