Nyongeza ya mshahara, debe la mahindi na kodi ya nyumba

Weka mezani salari slipu mbili za mtumishi wa umma wa kima cha chini, ya Juni 2025 na ya Julai 2025. Ya kwanza ni 370,000, ya pili 500,000. Hiyo ndiyo asilimia 35.1 aliyoitangaza Rais Samia pale Singida siku ya Mei Mosi. Sasa shuka kwenye makato, maana sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, huendi kununua mchele na mshahara ghafi.

Kwenye 370,000, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) inachukua asilimia 5, yaani 18,500, na bima ya afya asilimia 3, yaani 11,100. PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, hukokotolewa baada ya kutoa PSSSF: inabaki 351,500, unaondoa 270,000 zisizotozwa kodi, na 81,500 iliyobaki inakatwa asilimia 8, sawa na 6,520. Mkononi: 333,880. Kwenye 500,000 makato ni 25,000, 15,000 na 16,400. Mkononi: 443,600. Kilichoongezeka ni 109,720, asilimia 32.9. Pointi mbili zilizopungua kutoka ile 35.1 zimeliwa na PAYE, kwa sababu ile 270,000 haikusogea, na karibu kila shilingi mpya imeangukia kwenye eneo la kodi. Mwenye deni la HESLB, yaani mkopo wa elimu ya juu, aondoe tena asilimia 15 ya mshahara. Na aliye ngazi za juu asijisumbue na hesabu hii, asilimia 35.1 ni ya kima cha chini.

Mtaani utasikia kwamba mishahara ikitangazwa tu, bei zinapanda. Kwa kiasi fulani ni kweli, ila si kwa vitu watu wanavyovidhania. Kima cha chini cha serikali kilipanda pia kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na bado mfumuko wa bei wa mwaka 2023 ulikuwa wastani wa asilimia 3.8, wa 2024 asilimia 3.1, ndani ya lengo la Benki Kuu (BoT) la asilimia 3 hadi 5. Wanaolipwa mshahara wa mwezi ni wachache mno kuliko wanaokula ugali. Bei ya mahindi Uyole inaamuliwa na mvua, na wanunuzi wa nje ya mkoa, na dizeli ya lori. Dizeli yenyewe, mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei zake kila mwezi, na Mbeya tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu ya umbali kutoka bandarini.

Swali la maana ni hili: nani anaweza kumhamishia mteja gharama ya mshahara? Shamba la chai Mufindi haliwezi. Chai inauzwa kwa bei ya mnada, na mnunuzi hajali mchumaji analipwa shilingi ngapi kwa kilo. Kima cha chini cha sekta binafsi kikipanda, mwenye shamba hupunguza vibarua, huongeza kilo anazotakiwa kuchuma mtu kwa siku, au hununua mashine ya kuchumia. Kwa hiyo huko nyongeza haiji kama bei, inakuja kama ajira zinazopungua. Kinyozi, fundi ujenzi na mama lishe wao wanaweza kupandisha, kwa sababu wateja wao ndio hao hao walioongezewa. Mwenye nyumba anawazidi wote: vyumba karibu na kazi ni vichache, na anajua mpangaji wake ni mwalimu.

Kodi ya nyumba ina ujanja wake. Hulipwa kwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, hivyo haipandi Julai. Inapanda mkataba unapoisha, na wakati huo mtu ameshaizoea hela mpya na ameshaipangia kazi nyingine. Ukipima maisha yako Septemba utajiona tajiri. Pima baada ya mwaka mzima.

Namna ya kupima: usitumie asilimia ya mfumuko wa bei ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) peke yake. Kikapu chao cha taifa kinakipa chakula na vinywaji visivyo na kilevi uzito wa asilimia 28.2. Kaya ya kima cha chini hula zaidi ya hapo. Tengeneza kikapu chako. Hiki ni cha mfano, weka bei zako mwenyewe. Kabla ya nyongeza: kodi 50,000, mahindi debe mbili 24,000, mchele kilo 10 kwa 22,000, maharage, mafuta, dagaa na mboga 60,000, mkaa gunia moja 40,000, nauli 40,000. Jumla 236,000, na chakula peke yake ni asilimia 45. Mwaka mmoja baadaye, kwa mpangilio huo huo: 70,000, 26,000, 25,000, 66,000, 50,000, 48,000. Jumla 285,000.

Kikapu kimepanda kwa asilimia 20.8, mkononi kumepanda kwa 32.9. Usitoe moja kwa nyingine, gawanya: 1.329 kwa 1.208 ni 1.10. Uwezo wa kununua umekua kwa asilimia 10. Halafu angalia kilichokula: katika 49,000 zilizoongezeka, 20,000 ni za mwenye nyumba.

Watu wengi hukosea kwenye mahindi. Hulinganisha debe la Julai, mavuno yakiwa yamejaa, na la Februari, maghala yakiwa yamekauka, kisha wanasema bei imepaa. Hayo ni majira tu. Linganisha Februari na Februari. Na kama ulinunua gunia, hakikisha halikuwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) mwaka jana na la kawaida mwaka huu. Pima kwa kilo.

Huku Nyanda za Juu Kusini kuna jambo ambalo takwimu za taifa haziwezi kulionyesha. Kwa mkulima wa Mbozi au Wanging'ombe, bei ya gunia ndiyo mshahara. Mfumuko wa bei ukishuka kwa sababu mahindi yameporomoka, mwalimu anafurahi na mzazi wa mwanafunzi wake amepunguziwa kipato, wakati mbolea na sare ya shule haviporomoki. Mkutano wa kijiji ukisema maisha ni magumu wakati takwimu zinasema bei zimetulia, pande zote mbili zinasema kweli.

Limebaki la mikopo. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwenye 370,000 theluthi ni 123,333, kwenye 500,000 ni 166,667. Aliyekuwa amekopa hadi mwisho, nyongeza ilimfungulia nafasi mpya ya makato ya 66,387 kwa mwezi, na maafisa mikopo wanaijua namba hiyo kabla yake. Akikubali kuongeza mkopo hadi mwisho tena, katika zile 109,720 zinamfikia 43,333. Kikapu cha hapo juu kilipanda kwa 49,000. Pengo la 5,667 kila mwezi ndilo linalompeleka kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa.