Je, wajua kwa nini utenzi unaweza kusikika vizuri jukwaani na usieleweke?

Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita vya 1905 hadi 1907, ungefaa sana kupandishwa jukwaani na vikundi vya maigizo vya Lindi na Mtwara. Hata hivyo, hadhira inaweza kulisikia kila neno na isikipate kisa, na chanzo chake ni umbo la utenzi lenyewe. Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani, yaani silabi, 8 kila mmoja. Mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, yaani huishia kwa sauti ileile, na wa nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Mwigizaji huvutwa na vina hivyo, akashusha sauti na kupumua kila kimoja kinapofika, ilhali sentensi ingali njiani. Huu hapa ni ubeti nilioutunga kwa ajili ya mfano tu:

Wakashuka hadi pwani
vijana wa milimani
waliokuwa porini
habari kuzitafuta.

Hiyo ni sentensi moja: kitenzi kimetangulia, watendaji wako mshororo wa pili, na sababu ya safari imewekwa mwisho kabisa. Sauti ikianguka kwenye "pwani", msikilizaji hudhani kisa kimekwisha, na "vijana" wanabaki wakielea bila kazi. Kwa hiyo mwigizaji auandike kwanza ubeti kwa nathari, yaani kwa lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, ajue nani katenda nini na kwa nini, kisha aurudie ulivyo, akipumua pale tu maana inapomruhusu. Kina hakihitaji kusaidiwa, kwani sikio hukikamata lenyewe.

Kosa jingine, ambalo kwangu ndilo baya zaidi, ni kuzipiga mizani kama ngoma. Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10 na mikazo mitano, hivyo mkazo ni sehemu ya kipimo. Utenzi huhesabu silabi tu, na mkazo unabaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kama katika mazungumzo. Kinachopaswa kulindwa ni silabi zote kutamkwa, hata ile "m" ya Mtwara, jina lenye mizani tatu.

Halafu kuna ufupisho. Mtunzi anayebana mizani huandika "kafika" badala ya "akafika", na katika onyesho lenye wahusika wengi, ni mwigizaji atakayeonyesha kwa jicho au kwa mkono ni nani aliyefika.