Mfupa unaoliwa hauumi: maswali kuhusu tezi ya shingo

Tezi ya shingo inahusiana vipi na mifupa?

Ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, joto, uzito, hata choo. Mifupa nayo imo. Usiuone mfupa mgumu ukadhani ni jiwe. Kuna chembe zinazobomoa sehemu kuukuu na nyingine zinazojenga mpya, na duru moja huchukua kama siku 200. Homoni zikizidi, duru hiyo hukatika karibu nusu. Wabomoaji wanawahi, wajenzi hawamalizi, na kila duru inaacha pengo.

Zikipungua je?

Kazi yote hupoa, na mtoto asiyetibiwa hudumaa. Kwa mtu mzima, mifupa huharibiwa zaidi na vidonge vya kutibu upungufu huo vinapomezwa kupita kiasi. Nitalirudia hilo.

Nitajuaje kama homoni zimezidi?

Moyo unakwenda mbio na wewe umekaa. Vidole vinatetemeka ukishika kikombe. Unakula vizuri lakini unakonda, usingizi haukai, hedhi inavurugika. Shingo huenda ikavimba, yaani rovu au goita kama wengi wanavyoita, na huenda isivimbe kabisa. Hapa Mombasa jasho halimshtui mtu, na anayekonda huambiwa ana mawazo, au husifiwa. Basi wanakuja kliniki wamechelewa.

Mifupa ikianza kudhoofika, si nitasikia maumivu?

Hapana. Mfupa unaoliwa hauumi. Unaweza kuliwa miaka miwili, mitatu, na wewe unapanda ngazi kama kawaida. Utauma siku ukivunjika. Hata picha ya eksirei ya kawaida huonyesha upungufu pale mfupa umeshapoteza karibu 30% ya madini yake. Kuna kipimo maalumu cha uzito wa mifupa, na mwanamke aliyekoma hedhi mwenye historia ya tezi amuulize daktari wake kukihusu. Kusubiri maumivu ni kusubiri kuvunjika.

Nilipewa dawa ya kupunguza homoni na sasa nimepata nafuu. Naweza kuiacha?

Hapana.

Alikuja kliniki kwetu mama mmoja, miaka 50 na ushei. Alikuwa anashuka kwenye tuktuk, mguu ukateleza, akajikinga kwa mkono. Kuanguka ambako mtoto angejipangusa akaendelea na njia. Yeye kifundo cha mkono kikavunjika. Nikaushika mkono wa pili, ule mzima, nikauinua nihesabu mapigo: bangili zake zote zikateleza hadi kiwikoni. Mapigo 124 kwa dakika. Nikamuuliza, dawa ya tezi je? "Hiyo nishaiwata kitambo, mwanangu. Si nishapoa?"

Hakuwa amepoa. Dawa ndiyo iliyokuwa imemtuliza.

Lakini moyo umetulia na uzito umerudi.

Vimetulia kwa sababu unameza. Kabimazoli, ndiyo hiyo dawa ya kupunguza homoni, kwa wengi wenye ugonjwa huu hutumika miezi 12 hadi 18, na kuiacha huamuliwa kwa kupima damu. Nafuu yako si kipimo. Mume wako kukuona umependeza pia si kipimo. Ila ukipata homa, koo kuuma, vidonda mdomoni au macho kuwa manjano, usimeze kidonge kinachofuata. Njoo siku hiyo hiyo upimwe damu, maana dawa hii mara chache hushusha chembe nyeupe za damu vibaya. Ukishika mimba, njoo mapema tubadilishe mpango.

Mimi tezi yangu ni dhaifu, natumia levothairoksini, vidonge vya kuongeza homoni. Siku nikichoka naweza kumeza viwili?

Hapana, na jibu ni lile lile: dozi haipimwi kwa uchovu, inapimwa kwa damu. Ukibadilishiwa dozi, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Ukijizidishia, unautia mwili wako ugonjwa ule ule wa homoni nyingi, na waliokoma hedhi ndio mifupa yao huumia zaidi. Na nyinyi mnaoomba vidonge hivi vya shoga yenu ili mpunguze mwili kabla ya harusi, acheni. Mnaukondesha mfupa na moyo mnautia mbio.

Naimeza vipi?

Asubuhi, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Chai ya maziwa na mahamri vingoje. Vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu viachane nayo kwa saa 4, la sivyo vinaizuia isiingie mwilini. Ramadhani, imeze nusu saa kabla ya daku, au usiku tumbo likiwa tupu, saa 3 baada ya kula.

Mgongo unaniuma. Nikakandwe?

Pimwa kwanza. Mgongo wenye mifupa dhaifu si wa kukandamizwa kwa goti.

Jua si tunalo, tutakosaje vitamini D?

Jua tunalo, ngozi zetu hazilioni. Aliye ndani mchana kutwa, au anayetoka amejifunika kila mara, anaweza kuikosa vizuri tu. Kaa uani mikono wazi kidogo, kula dagaa na mifupa yake, kunywa mtindi, tembea kwa miguu, acha sigara. Lakini hakuna dagaa atakayefanya kazi ya kidonge ulichokiacha.

Dawa zimeniishia na siku ya kliniki ni wiki mbili mbele. Nisubiri?

Usisubiri, na usigawe vilivyobaki nusu nusu. Njoo kesho asubuhi na karatasi tupu ya vidonge mkononi. Kama tatizo ni pesa, lisemee pale mezani. Hatutakugombeza.